Theluji Juu ya Mgodi

Mtu wa Kolwezi anayetafuta likizo ya theluji ana ugomvi na kalenda kwanza. Baridi yetu ni ya Juni na Julai. Ndipo upepo mkavu unapovuka uwanda wa Manika, mlinzi wa usiku anavaa makoti mawili, mbabula inaachwa mlangoni mpaka makala yaive mekundu kabla ya kuingizwa ndani, na kule juu kwenye nyanda za Biano nyasi za mabondeni zinaamkia umande ulioganda. Desemba ni mambo mengine kabisa: mvua ya saa tisa alasiri, tope jekundu linalomeza viatu vipya vya watoto, mabeseni ya uyoga kando ya barabara ya Likasi. Halafu katikati ya tope hilo, madukani inasimamishwa misonobari ya plastiki iliyopuliziwa povu jeupe, na watoto wa kwaya wanavalishwa kofia nyekundu zenye manyoya, jua likiwachoma. Hakuna anayeshangaa. Krismasi ilitufikia ikiwa imefungashwa pamoja na hali ya hewa yake.

Zamani swali la wapi pa kwenda Noeli na Bonane lilikuwa na majibu machache: kijijini kwa wazee, Likasi kwa shangazi, Lubumbashi kwa aliyepandishwa cheo. Siku hizi ziko nyumba hapa mjini ambamo swali hilo linaulizwa simu ikiwa mkononi, na kwenye simu kuna picha ya mji mdogo wa mbao, kanisa, taa za manjano madirishani, theluji imelala juu ya mapaa. Kobalti imewatajirisha wachache, na wachache hao wana watoto wanaojua vizuri wanachokitaka. Mimi siwacheki. Aliyekaa mwaka mzima nyuma ya malori ya madini, amefunga madirisha na bado anakuta vumbi kwenye chumvi, ana haki ya kutamani mahali peupe palipo kimya. Weupe wenyewe tu ndio una masharti: ubalozi, taarifa za benki, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na subira.

Kama haja ni theluji tu, iko karibu zaidi. Kongo ina ya kwake, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, katika milima ya Ruwenzori mpakani na Uganda. Kwa upande wetu njia huanzia Mutwanga. Lakini barafu ile inapungua mwaka hadi mwaka, na Kivu ya Kaskazini kwa sasa si mahali pa kupeleka familia ikapumzike. Lesotho ni hesabu nyepesi. Kule Afriski, juu ya mita 3,000, watu huteleza kwenye theluji kuanzia Juni hadi Agosti, yaani ndani ya baridi yetu na ndani ya likizo kubwa ya shule zetu. Unavuka Kasumbalesa, unaikata Zambia, unazidi kushuka kusini, wala hakuna wa kukuuliza habari za viza ya Schengen. Ningekuwa mtu wa vitendo ningeishia hapo. Ila ukiwasikiliza vizuri wanaouliza, theluji ni kisingizio. Wanachotaka ni mji.

Na miji hiyo, ukiitazama kwa jicho la mtu wa Kolwezi, unaitambua. Aspen wa Colorado ulikuwa mji wa machimbo ya fedha. Park City wa Utah, fedha. Breckenridge, dhahabu. Schneeberg wa Saksonia, Ujerumani, fedha kwanza na baadaye kobalti. Falun wa Sweden, shaba. Røros wa Norway, shaba. Si kila mji wenye theluji ulizaliwa na mgodi. Iko ya wachungaji, iko ya watawa. Lakini ile sura inayopendwa kwenye kadi za Krismasi, nyumba ndogo zilizobanana za ukubwa mmoja, kanisa lililozidi idadi ya waumini, mtaa mmoja mrefu unaopanda kuelekea mahali fulani kazini, ile ni ramani ya kambi ya wafanyakazi. Waliokulia Musonoi, Kapata au Luilu, katika makambi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaijua kwa miguu yao.

Tuanze na Røros, kwa kuwa ndiyo picha yenyewe. Kila Desemba mtaa wake mkuu unageuka soko la Krismasi, na watu wanatoka mbali kuja kununua soksi za sufu na kunywa vitu vya moto wakiwa wamesimama. Shaba ilionekana huko mwaka 1644. Wenyeji husimulia kwamba mkulima mmoja, Hans Aasen, alimpiga risasi kulungu wa kaskazini, na mnyama yule akitapatapa akaparua ardhi kwa kwato mpaka jiwe la madini likajitokeza. Karibu kila mgodi duniani una mnyama au mchungaji wake wa namna hiyo. Huwa anatokea mwanzoni mwa hadithi na kutoweka kabla ya kugawana. Mwaka 1646 mfalme akaichorea kampuni duara. Kutoka kwenye mgodi wa kwanza, yapata kilomita 45 kila upande, misitu yote, mito yote na madini yote yakawa ya kampuni, na wakulima wa humo wakawajibika kuifanyia kazi. Msomaji wa Lualaba hahitaji nimweleze zaidi. Comité Spécial du Katanga, iliyokabidhiwa ardhi ya huku kwetu, iliundwa mwaka 1900; miaka zaidi ya 250 kabla yake, duara lilikwisha kuchorwa juu ya ardhi ya Wasami waliokuwa wakichunga kulungu, nao waliulizwa kadiri ile ile Wasanga walivyoulizwa hapa kwetu, hao waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuisubu misalaba vizazi vingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906.

Misitu ya Røros iliishia tanuruni. Moshi wa salfa ukaua majani ya karibu. Baridi ilikuwa ya kufisha; mwaka 1914 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 50.4 chini ya sifuri. Na theluji, hii inayofuatwa sasa kwa ndege, ilikuwa barabara. Madini, makaa, kuni, nafaka na shaba iliyokwisha kuyeyushwa vilisafirishwa hasa majira ya baridi, kwa sababu ndipo maziwa na vinamasi vilipoganda na farasi akaweza kukokota mzigo wa kuteleza mahali ambapo kiangazi angezama hadi tumboni. Fikiria hilo ukiwa Kolwezi mwezi wa Desemba, wakati mvua inapofanya kinyume chake na malori yanalala foleni ndani ya matope, madereva wakiosha miguu kwa maji ya chupa. Kwao msimu wa theluji ulikuwa msimu wa mizigo. Wenye farasi walilala njiani katika nyumba za wageni zilizojaa moshi, wakaamka usiku, wakafunga mizigo upya. Njia hiyo ya majira ya baridi leo imo ndani ya eneo la urithi wa dunia, na mtalii anapanda gari la farasi akifunikwa ngozi ya kondoo miguuni.

Mwaka 1977 kampuni ikafilisika, baada ya miaka 333. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya muongo ule, na anguko hilo ndilo lililoipiga Gécamines pia, huku reli ya Benguela ikiwa imekatika tangu 1975 kwa vita vya Angola. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi kwenyewe. Mwaka 1980 Røros ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Miji miwili ya shaba, miaka ile ile, soko lile lile. Mmoja ulipewa kibao cha shaba ukutani, mwingine ukaendelea kuitoa shaba ya vibao.

Kitu ambacho ningependa kukiona kwa macho yangu Røros ni takataka. Katikati ya mji, nyuma ya mahali ilipokuwa tanuru, kuna vilima vyeusi vya mavi ya shaba, mabaki ya karne tatu za kuyeyusha, navyo vinalindwa kisheria kama kanisa linavyolindwa. Kando yake umepita mtaa wa nyumba ndogo kuliko zote, za mbao ambazo hazijapakwa rangi. Huko waliishi maskini wa maskini, wasio na shamba wala ng'ombe, waliojenga pale kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyepataka. Ndio mtaa unaopigwa picha kuliko yote. Kanisa la mawe, jeupe, la mwaka 1784, liko juu yake, na kwenye mnara imewekwa alama ya kampuni: nyundo na nyenzo za mgodini. Hata kwetu kampuni ilijenga kanisa, shule na hospitali. Tofauti ni kwamba haikuandika jina lake juu ya mnara, pengine kwa kuwa kila mtu alikuwa akilijua.

Lubumbashi nako kuna kilima cheusi, kando ya bomba refu la moshi ambalo kila mgeni hulipiga picha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilima hicho kinachimbwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Hapa Kolwezi, mabaki ya zamani ya Kingamyambo na ya bonde la Musonoi yanaoshwa mara ya pili. Takataka zetu haziruhusiwi kuwa ukumbusho kwa sababu bado zina bei. Nyumba zetu pia. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo mtu alichimba uani kwake akakuta madini ya kobalti, na muda si muda mashimo yakafunguka jikoni, sebuleni, chini ya vitanda, na mapango yakaanza kukutana chini kwa chini kati ya jirani na jirani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Nyumba ya mbao ya Røros imepata miaka 300 ya kuzeeka na kupendeza kwa sababu shaba haikuwa chini ya kitanda. Ilikuwa kilomita kadhaa nje ya mji. Hiyo ni bahati ya jiolojia, nami siwaonei wivu kwa hilo. Mtu hachagui miamba ya kuzaliwa juu yake.

Falun haikuwa na bahati hiyo, lakini ilikuwa na nyingine. Katika karne ya 17 mgodi wake ulitoa shaba nyingi ya Ulaya, kuna miaka ulifikia theluthi mbili. Walichimba ovyo, kila chama upande wake, mpaka siku moja ya Juni 1687 kuta zote za katikati zikaporomoka na kuacha shimo kubwa ambalo bado liko wazi. Hakufa mtu. Ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi na wachimbaji walikuwa mapumzikoni. Ni mojawapo ya hoja nzito ninazozijua za kutetea likizo. Juni 2019, karibu na Kolwezi, ukingo wa mgodi wa wazi uliwaporomokea wachimbaji wadogo na kuua makumi. Haikuwa sikukuu, na mchimbaji mdogo hana sikukuu, kwa kuwa siku asiyoshuka shimoni ndiyo siku asiyokula.

Mgodi wa Falun ulifungwa mwaka 1992 na mwaka 2001 ukaingia urithi wa dunia. Ila zawadi yake kwa Krismasi imeshasambaa kila mahali na haina jina juu yake. Ile nyumba nyekundu ya mbao yenye kingo nyeupe, inayosimama kwenye theluji katika kila picha ya Skandinavia, rangi yake hutengenezwa kwa udongo wa mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun. Ni rangi ya bei rahisi, inahifadhi mbao, kwa hiyo wakulima waliichukua nchi nzima. Mtoto wa Kolwezi anayeinyooshea kidole kwenye simu anaonyesha tope la mgodi.

Schneeberg nauweka karibu zaidi na moyo, kwa sababu ya kobalti. Toka karne ya 16 kobalti ya huko na ya vijiji jirani ilitengeneza buluu ya vioo na ya vyombo vya kaure vya Ulaya. Waliokuwa wakiichimba walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wachimbaji wa Schneeberg ulikuwa saratani ya mapafu. Baadaye sana ndipo gesi ya radoni ilipotambuliwa kuwa chanzo. Milima ile ya madini, upande wa Ujerumani na wa Ucheki, iliingia urithi wa dunia mwaka 2019, na sasa ni nchi ya Krismasi kuliko zote. Mchimbaji alishuka kabla ya alfajiri na kupanda baada ya magharibi. Majira ya baridi hakuliona jua kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa hiyo nyumbani waliweka mishumaa dirishani, juu ya tao la mbao au chuma. Matao hayo yanauzwa leo kila mahali yakiwa na taa za umeme. Pamoja nayo kuna sanamu mbili za mbao, kila moja na mshumaa mikononi, malaika na mchimbaji, na desturi ilikuwa hii: malaika mmoja kwa kila binti wa nyumba, mchimbaji mmoja kwa kila mvulana. Mpita njia alihesabu watoto wako kutoka barabarani. Alijua pia, bila kuuliza, kila mvulana atakuwa nini.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa mgumu na watu wanaoisifu miji hii kwa utulivu wake. Utulivu ule umelipiwa, na waliolipa hawakuwa wateja. Kijiji cha Seiffen, katika milima hiyo hiyo, kiligeukia kuchonga wanasesere wa mbao madini ya bati yalipopungua. Watoto walichonga pamoja na wazazi, kwa ujira mdogo. Aspen ulianguka mwaka 1893, bei ya fedha ilipoporomoka, na kufikia miaka ya 1930 walikuwa wamesalia watu wasiofika elfu moja kati ya zaidi ya elfu kumi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaja watelezaji wa theluji. Sasa vijumba vya wachimbaji vinauzwa kwa mamilioni ya dola, na anayevifagia anapanda basi kutoka bondeni mbali, kwa kuwa hawezi kulala mahali anapofanya kazi.

Na kwa anayetaka theluji bila mgodi kufa, iko Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Chuma bado kinachimbwa huko, na shimo limefika chini ya mji kama Kasulo, basi mji unahamishwa. Agosti 2025 kanisa lao la mbao la mwaka 1912, lenye uzito wa tani 672, liliwekwa juu ya magurudumu na kusogezwa kilomita tano kwa siku mbili, watu wakiangalia kandokando ya barabara. Mwenye nyumba hulipwa thamani ya soko na asilimia 25 juu yake. Si kwamba wote wamefurahi. Aliyezoea dirisha lake amelipoteza. Lakini nimewaza sana juu ya ile asilimia 25. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la hapa kwetu la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu wa Kolwezi waliohamishwa kwa nguvu kupisha miradi ya shaba na kobalti. Umbali kati ya miji hii miwili haupimwi kwa baridi.

Sisi pia tunacho kipande chetu cha likizo kilichozaliwa na mgodi, ingawa hatukiiti hivyo. Ziwa Nzilo halikuwepo. Ni mto Lualaba uliozibwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili utoe umeme wa viwanda vya Union Minière. Leo, mvua ikinyamaza kati ya Noeli na Bonane, ndiko watu wanakokwenda: vijana wenye redio, familia zenye masufuria ya bukari yaliyofungwa kwa vitambaa, samaki anageuzwa juu ya makala, bia inapozwa majini kwa kufungwa kamba. Vijiji vilivyokuwa kandokando ya mto viliondoka. Nani anavikumbuka akiwa anaogelea? Mtalii wa Røros na kijana wa Nzilo wanafanana kuliko wanavyodhani, ila yule wa Nzilo kesho asubuhi anarudi zamu.

Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua Røros, na sitakwenda Desemba. Nitakwenda Februari, kwenye gulio la majira ya baridi linaloanza Jumanne ya pili kutoka mwisho wa mwezi, ambalo limekuwepo tangu 1854. Wenye farasi bado wanakuja kwa njia za theluji, wengine wakisafiri siku nyingi na kuvuka mpaka kutoka Sweden, na angalau hapo theluji inaonekana ikifanya kazi yake ya zamani. Nitapanda kwenye ule mtaa wa maskini na kusimama chini ya vilima vya mavi ya shaba nikiwa na koti la kuazima. Watoto watakuwa shuleni wakati huo, na watalalamika. Wao nimewaambia Lesotho, Julai.